Mstari wa mwisho unatoka mara mbili

SWALI: Mwalimu, nimeandika programu ya C inayosoma majina na alama kutoka kwenye faili. Faili lina mistari 40, programu inahesabu 41, na jina la mwisho linatoka mara mbili. Nasoma kwa fgets, mstari mmoja mmoja, ndani ya lupu ya while (!feof(f)). Rafiki ananishauri nipunguze moja kwenye jumla. Nifanye hivyo?

JIBU: Usifanye, na jina litaendelea kutoka mara mbili hata ukipunguza. Tena siku ukipewa faili ambalo mstari wa mwisho haukufungwa kwa alama ya mstari mpya, fgets itaugusa mwisho wa faili inapousoma mstari huo wa 40. Lupu itakomea hapo, wewe utapunguza, ubaki na 39. Hiyo ni dawa ya mganga wa njiani.

Kila wiki naletewa lupu hii hii. Watu wanadhani feof inachungulia mbele na kusema kama kuna kilichobaki. Haichungulii. Inajibu swali moja tu: je, usomaji uliokwisha kufanyika uligonga mwisho? Umesoma mstari wa 40 vizuri, hakuna kilichogonga, feof inasema bado. Unaingia tena, fgets inarudisha NULL, yaani haikupata kitu, wewe hukuangalia, na kwa kuwa yale maandishi ya zamani bado yamo kwenye kumbukumbu, unayachapa upya. eof ya lugha ya Pascal ndiyo inayochungulia. Waliojifunzia huko wana udhuru. Wanaonakili masomo ya mtandaoni bila kuyajaribu hawana.

Andika while (fgets(mstari, sizeof mstari, f) != NULL), basi. Ukishatoka kwenye lupu ndipo uite ferror, ujue kama faili limeisha kweli au diski imegoma.

Mzizi wa haya yote ni imani kwamba mwishoni mwa faili kuna herufi iitwayo EOF (end of file). Haipo. Mfumo endeshi unajua ukubwa wa faili, na read ya Unix ikikosa cha kukupa inarudisha 0. Zamani mfumo endeshi wa CP/M ulihesabu faili kwa vipande vya baiti 128, ndiyo maana maandishi yalifungwa kwa Ctrl-Z. Mazoea hayo yakarithiwa. Ctrl-D unayobonyeza kwenye tominali ya Unix nayo haiingii kwenye data yako.

EOF ni jibu la fgetc, inayosoma baiti moja moja, pale isipopata kitu: namba hasi, aghalabu -1. Kwa hiyo jibu hilo lipokee kwa int, si kwa char yenye nafasi ya baiti moja tu. Nimeona wengi wakiandika char c = fgetc(f). Kwenye mashine ambazo char inabeba namba hasi, baiti ya 255 katikati ya picha inafanana na EOF, na programu inaacha kusoma faili likiwa nusu. Kwenye zile ambazo haibebi, EOF haitambuliki kabisa, na lupu inazunguka mpaka uiue mwenyewe.