Umemaliza TEHAMA, ujifunze lugha gani ya programu? Jibu kwa mdogo wangu wa UDOM

Mdogo wangu, umeuliza ujifunze Python au JavaScript wakati unasubiri tangazo la Ajira Portal, tovuti ya nafasi za kazi Serikalini, maana unaogopa akili mnemba itamaliza nafasi zote. Mimi niko kwenye kazi za mifumo ya kompyuta hapa Dodoma tangu kabla Serikali haijahamia. Lugha isikunyime usingizi, yoyote kati ya hizo inatosha. Tafuta shughuli moja ya watu, iwe dawa, uhasibu, manunuzi au mazao, uijue kama anayeifanya.

Kuna kituo cha afya nilichowahi kukihudumia, kila mwisho wa mwezi ripoti ya dawa ilikuwa vurugu. Mfumo unasema parasetamo imekwisha, rafuni makopo yamejaa. Vijana waliotangulia walipekua msimbo wote, yaani maandishi ya programu, wasione kosa, na kweli halikuwemo. Nikakaa dirishani na mfamasia asubuhi nzima, namwangalia anavyogawa. Stoo inapokea kopo la vidonge 1,000, dirishani zinatoka punje, na aliyesajili dawa ile hakutofautisha kipimo cha kupokelea na cha kugawia. Mgonjwa akipewa vidonge 18, mfumo unatoa makopo 18! ChatGPT usipoiambia habari ya kopo, itakuandikia msimbo mzuri kabisa na ripoti itabaki vilevile. Yule mama wa dirishani ndiye aliyekuwa na jibu, ila hakuna aliyemuuliza.

Sasa tazama mji unaoishi. Sheria ya Serikali Mtandao ni ya 2019, na tangu hapo wimbo ni mifumo kusomana, yaani kupeana taarifa, si kila ofisi kujijengea mfumo wake. Kwa hiyo kazi ya kuunganisha mifumo, kusafisha taarifa, usalama na kufundisha watumiaji itakuwepo, hata kama kazi ya kujenga upya itapungua. Mwaka 2023 manunuzi ya umma yalihamia NeST, mfumo wa Serikali wa manunuzi kwa mtandao. Fundi wa Chang'ombe au mwenye duka la vifaa Majengo anayetaka zabuni ya Serikali lazima apite humo, na wengi wanakwama kwenye kupakia nyaraka tu. Anayejua taratibu za zabuni na kompyuta pia hakosi mteja.

Jambo ambalo vijana wengi hawaligusi ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Anayekusanya taarifa za watu anatakiwa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi: shule binafsi, zahanati, SACCOS. Isome yote, ipo kwa Kiswahili. Mtu anayeielewa sheria hiyo na pia anajua nani anafungua jedwali gani kwenye kanzidata, yaani hifadhi ya taarifa za mfumo, mimi ningemwajiri kesho.

Maombi ya Serikalini endelea kutuma, wala usiache. Ila kujitolea bila mwisho, hapana. Kubalianeni na ofisi kwa maandishi: miezi mitatu, kazi fulani, nauli ya kutoka Ng'ong'ona watoe wao. Wakigoma hata nauli, nenda kwingine.

Tuwekee hapa mradi wako wa mwaka wa mwisho ulihusu nini. Kama uligusa afya au fedha, nitakuambia pa kuanzia.