Kabla hamjapeleka hiyo milioni 9 kwenye zahanati, someni hapa kwanza

Mkuu nimesoma swali lako, mko vijana wa kijiji kimoja mnaishi Dar, mmechanga milioni 9 mnataka kujenga zahanati nyumbani na unauliza muanze na msingi au matofali. Mi nimekuwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii miaka sita huku Tabora kwenye tumbaku, sasa hivi nina kaduka ka pembejeo, kwa iyo nakujibu kama mtu aliyezunguka na baiskeli na si kama mtaalamu. Kwa hela hiyo msianze na jengo.

Kwetu tulianza na jengo. Ulipokuja ule mpango wa serikali wa MMAM (Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi) wa 2007, zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata, watu tulichangamka kweli, tukasomba mchanga, tukafyatua tofali, boma likafika kwenye lenta baadae likaezekwa. Kikabaki kitu kidogo tu, nyumba ya mtumishi, maji, umeme wa friji ya chanjo maana chanjo zile zinataka nyuzi 2 mpaka 8 muda wote, na nesi mwenyewe. Basi hiko "kitu kidogo" mpaka leo. Popo ndo wamehamia.

Tulikuwa tunaishi kwa huduma ya mkoba, nesi anakuja na pikipiki mara moja kwa mwezi na kiboksi chake cha chanjo anakaa chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji. Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, nani aliipanga sijui, akina mama wanakuja kumi na mbili, kumi na tano, halafu kwenye ripoti inaandikwa jamii haina mwamko. Mwamko gani sasa, mtu yuko shambani kilomita nane ana mtoto mgongoni na mwingine anamshika mkono! Siku moja mama mmoja akaniambia "baba, mbona Jumamosi nakuja hapo hapo mnadani kuuza kuku, si mniwekee siku hiyo". Yani miaka miwili nahubiri umuhimu wa chanjo, kumbe jibu lilikuwa mnadani. Nikamfuata mwenyekiti wa kijiji, naye akaongea na nesi (alinuna kidogo, Jumamosi yake ile) tukahamisha. Mwezi ule chanjo ya surua zikaisha kabla ya saa sita, na akina baba pia walikuja, anauza mbuzi wake afu anapita kupima presha.

Ishu nyingine ni msimu. Kuanzia Februari tumbaku inavunwa, familia nzima inahamia kwenye mabani, yale mabanda ya kukaushia tumbaku, kijiji kinabaki wazee. Ndo hapo surua ya pili ya miezi 18 inapotea, maana wengi wanajua chanjo zimeisha ile ya miezi 9. Kadi nazo zinaloa, mchwa anakula, kwa iyo nilikuwa na daftari langu la mia tano nimeandika watoto kwa kitongoji, jina na mwezi anaodaiwa, wakihama namfuata mtu na daftari huko huko kwenye bani. Hilo daftari lilisaidia kuliko semina zote nilizokaa.

Degedege je? Huku ni mdudu wa kuogopwa, mtoto akikakamaa anakimbizwa kwa mganga, anafukizwa mpaka asubuhi wakati malaria imeshapanda kichwani. Mwanzo nilikuwa nawagombeza, wakawa wananificha. Nikabadilika, nikamwendea mganga mwenyewe, shikamoo mzee, nikamwambia wewe shughulika na yako ila mtoto aje kwanza achomwe kidole apimwe, akirudi mzima sifa tunagawana. Alicheka sana yule mzee. Baada ya hapo yeye ndo alikuwa ananipigia simu usiku, na boda analipia.

Wajawazito na vichanga kuna namba 115 ya m-mama, ule usafiri wa dharura wa kwenda hospitali, kupiga ni bure, ila network kwetu mpaka upande kichuguu, kwa iyo hakikisheni kila kitongoji wanajua kichuguu chao ni kipi na boda gani analala na mafuta, msicheke.

Sasa kwa nini niliacha. Miaka sita nilipata baiskeli, tisheti mbili na posho ya semina. Mke wangu aliniuliza afya za watu wote unazijua, humu ndani unajua debe la mahindi limebaki kiasi gani? Sikuwa na jibu. Walionifuata wawili nao waliacha, mmoja hakumaliza hata msimu.

Kwa iyo hesabu yangu ni hii, chukueni wahudumu wawili, ikiwezekana mmoja awe mama mtu mzima anayeheshimika, wapeni elfu 60 kila mmoja kwa mwezi, kwa mwaka ni milioni 1.44. Hiyo hela yenu inawabeba miaka sita na chenji ya baiskeli, madaftari na tochi inabaki. Ongeeni na mganga mkuu wa wilaya mapema watambulike, wasije wakaonekana ni kundi la mtu anayetafuta udiwani.

Afu nijibu kitu kimoja, umeandika mpaka idadi ya mifuko ya simenti ila hujasema, mnada wenu ni siku gani na nesi anakuja siku gani?