Wadogo, msiamini nyekundu haraka

Wadogo zangu wa mekanika hapa Lubumbashi, nawapenda sana, lakini kila mwaka wa TFE (kazi ya kumaliza masomo) ni ileile: mtu amepiga hesabu ya kipande kwa programu inayokikata vipande vidogo, ndiyo elementi, na kuchora nyekundu pale mkazo ni mkubwa; anakuja na laptop, "yaya, ona, kona inafika 900 MPa (kipimo cha mkazo), chuma itapasuka!" Namwambia gawa elementi za pale nusu, piga hesabu tena. Inapanda. Gawa tena. Inapanda tena. Sasa basi, utaandika namba gani kwenye kitabu?

1. Vipimo. Ukichagua mm na newton, mkazo njo MPa, na densiti ya chuma ni 7.85e-9 (tani kwa mm³), si 7850 (kilo kwa m³). Tuendelee.

2. Kona kali ya ndani. Kwa hesabu ya elastiki, kona isiyo na mviringo mkazo wake hauna mwisho, kwa hiyo meshi (ule mtandao wa elementi) ikiwa ndogo namba inakua tu, hakuna kutulia. Hii inaniuma juu niliona kazi ya kishikio cha konveya ikiharibika hivyohivyo: watu wanakesha na ile kona nyekundu, wanaongeza unene, wanachomelea sahani ya pili, kipande kinakuwa kizito mpaka kukibeba ni watu wawili, na kule kwenye shimo la bolti elementi nne tu kuzunguka duara, rangi kijani, hakuna anayeangalia. Ufa ulianzia wapi? Pale pale kwenye shimo. Na Kirsch, mhandisi Mjerumani, alishatuambia tangu 1898, sahani pana ikivutwa, pembeni ya shimo mkazo unafika mara 3 ya ule wa mbali na shimo! Elementi nne zitaona wapi hiyo? Chora mviringo wa kweli wa kona kama uko kwenye plani, halafu kaza meshi kwenye shimo paka namba itulie. Ikitulia, hapo ndipo tuzungumze.

3. Ufa wenyewe. Usinisomee von Mises (ule mkazo wa jumla wa kwenye picha ya rangi) kwenye ncha ya ufa, tafadhali. Chukua K ao J (namba za kupima vile ufa unasukumwa), sogeza nodi (pointi za elementi) za katikati ya ukingo ziende robo upande wa ncha, linganisha J ya pete kadhaa za elementi kuzunguka ncha, ile ya kwanza iache. Na K kutoka MPa√m kwenda MPa√mm ni mara 31.6, hapo wengi wanaanguka.

4. Seva (hifadhi) matokeo kila hatua, umeme mnaujua.

5. Jumlisha reaksheni (nguvu ambazo sapoti zinarudisha) kwenye sapoti. Zisipolingana na mzigo uliouweka, usinifungulie picha ya rangi, rudi kwanza kwenye sapoti zako.