"More better" kwa nini ni kosa wakati "more beautiful" ni sawa?

Swali: Mwalimu, kwenye barua ya kuomba kazi niliandika "my English is more better than before", rafiki yangu akasema hapo nimechemsha. Sasa ntajuaje wapi naweka "more" na wapi naongeza "er"?

Jibu: Rafiki yako yuko sahihi, umelinganisha mara mbili. "Better" tayari ni nzuri zaidi, ukiitanguliza "more" unakuwa umesema zaidi juu ya zaidi. Hili linatuponza sana maana kwenye Kiswahili tukilinganisha kivumishi hakiguswi mwishoni, tunaweka tu "zaidi" au "kuliko" basi, kwa hiyo mtu akishajua "more" ni zaidi anaibandika kila sehemu. Na enzi za Shakespeare hao Waingereza wenyewe walikuwa wanarundika hivyohivyo, ila leo ukiandika hivyo kwenye barua ya kazi umeumia.

Cha kufanya, hesabu silabi. Ikiwa moja weka "er" na "est": tall, taller, tallest. Kwa "big" unaongeza g nyingine, "bigger", sababu ina irabu moja alafu konsonanti moja mwishoni. Silabi mbili zinazoishia na y, hiyo y inageuka i, "happy" inakuwa "happier". Silabi tatu kwenda juu ni "more" na "most" tu, ndo maana "more beautiful" iko sawa. Utata uko kwenye hizi nyingine za silabi mbili, nyingi zinataka "more" kama "more careful", ila "quiet", "clever" na "simple" zinakubali kote kote kwa hiyo usipate presha. Alafu kuna "fun", silabi moja lakini watu wanasema "more fun", we izoee tu hivyo. Good, bad na far ni za kukariri, hazina ujanja.

Kama ulitaka kukazia, neno lako ni "much": "My English is much better than before". Usiweke "very better", "very" inakaa na "good". Na angalia iwe "than" yenye a, sio "then".

Kwenye hiyo barua kagua pia kama umeandika "senior than", maana senior, junior na superior zinachukua "to": "she is senior to me".