Mkwaju wa chunguni: lini ukate, lini ufunge waya

SWALI: Natamani bonsai (mti wa chunguni unaodumishwa mdogo kwa kukatwa na kuelekezwa kwa waya) ya mepo ya Kijapani, ule mti wenye majani kama kiganja yanayogeuka mekundu. Mbegu naweza kuagiza. Huku Mikindani nikate matawi na kufunga waya miezi gani?
Msomaji, Mtwara

JIBU: Hamu hiyo ihamishie kwenye mti mwingine. Mepo lazima ilale. Kwao Japani hupukutisha majani kuelekea Desemba, ikakaa wiki nyingi kwenye baridi ya chini ya nyuzi 7 hivi, ndipo ichipue vizuri. Matawi makubwa hukatwa ikiwa imelala, maana utomvu ukishapanda kidonda hutiririka maji. Mtwara hata usiku wa Julai haukaribii baridi hiyo. Mti usiolala hutoa majani dhaifu, akiba yake huisha, na upepo wa kusi humalizia kwa kubabua kingo za majani.

Lea mkwaju. Vijani vyake tayari ni vidogo, hauogopi mkasi, na mbegu zimo kwenye ukwaju wa sokoni; ziloweke usiku kucha.

Kalenda yake ni mvua, nasi tuna msimu mmoja tu, kuanzia Novemba mwishoni au Desemba hadi Aprili. Mvua zikikaribia, kata matawi makubwa na upunguze mizizi, isizidi theluthi. Chipukizi likifikisha majani sita au manane, lirudishe hadi mawili. Jicho (mahali chipukizi hutokea) la mwisho unalobakiza ndilo linaloamua tawi litaelekea wapi, kwa hiyo chagua linalotazama nje. Kiangazi usikate sana.

Waya funga Januari au Februari, tawi likianza kuwa la kahawia lakini halijafikia unene wa penseli. La kijani hunyofoka, lililokomaa huvunjika. Waya uwe na unene wa theluthi ya tawi. Shaba ya nyaya za umeme wa nyumba yafaa: ile inayouzwa kama 1.5 (milimita za mraba) ina kipenyo cha milimita 1.4 hivi, ya 2.5 milimita 1.8. Menya plastiki (usiichome, moshi wake ni sumu), iweke shaba kwenye makaa hadi iwe nyekundu, kisha iache ipoe. Italainika kama uzi. Ukishaikunja hukaza tena, na hiyo ndiyo kazi yake.

Anzia kwenye shina, mzunguko mmoja na nusu, ndipo uingie kwenye tawi kwa mshazari wa nyuzi 45. Unapokunja, waya upite mgongoni mwa kona, upande wa nje. Ukipita ndani, gome la nje halina kinacholishikilia na litapasuka.

SWALI: Mkwaju wangu niliufunga waya Januari. Sasa ni Machi, waya umezama kwenye gome. Niufungue?
Msomaji, Lindi

JIBU: Usiufungue kwa kuuzungusha, utachuna gome. Ukate kwa plaizi kila mzunguko, vipande vidondoke vyenyewe. Kilichomezwa kabisa kiache, mti utakifunika. Kosa halikuwa waya bali kutoukagua: wakati wa mvua tawi hunenepa haraka, hivyo utazame kila wiki, hasa pale tawi linapotoka kwenye shina, na uuondoe mara gome linapoanza kuvimba pembeni. Tawi likirudi lilikokuwa, lifunge upya, ila mizunguko isipite kwenye makovu ya kwanza.