Barua kwa Mwanangu: Watoto Wasiosimama Ukiingia Darasani

Mwanangu,

Ujumbe wako mrefu nimeupata, na baba yako nimemsomea wote. Yeye hajambo, anahangaika na shamba la uwele kabla mvua za Desemba hazijamkuta. Amesema mambo ya darasani nijibu mimi.

Unasema huko Joensuu, Finland, kwenye shule ya chuo unakofanya mazoezi ya kufundisha, ukiingia darasani hakuna anayesimama. Watoto wanakuita jina lako tupu. Ukiuliza swali, kimya. Na yule wa miaka kumi kakwambia mbele ya wenzake kwamba tarehe uliyoandika ubaoni siyo, kisha akaendelea kuchora. Unaniuliza: wananidharau kwa ugeni wangu, au ndivyo walivyo? Na kama ndivyo walivyo, niwe mkali kama wewe, mama, au niwaache?

Hawakudharau. Mwalimu wao wa kila siku, pamoja na shahada yake ya uzamili, naye wanamwita jina lake, umesema mwenyewe. Kama yeye angekuwa Mwalimu na wewe pekee ukawa jina tupu, hapo ningekwambia tuongee mengine. Hilo lisikunyime usingizi.

La ukali ndilo linataka maelezo. Hebu fikiri kwa nini sisi huku tunawasimamisha watoto. Ilipokuja elimu bila malipo mwaka 2016 darasa la kwanza lilifurika, unakumbuka nilivyokuwa narudi nyumbani sauti imekauka. Dawati la watoto wawili wamekaa wanne, waliobaki wako chini karibu na mlango, na upepo wetu huu unawamwagia vumbi kwenye madaftari. Mtoto wa nyuma kabisa ubao hauoni. Mimi mwenyewe hanioni vizuri. Lakini wenzake wakisimama naye anasimama, wakiitikia “Shikamoo mwalimu” naye anaitikia, na hapo anajua mchezo umekwisha, kipindi kimeanza, na yeye yumo. Kuitikia kwa pamoja, makofi ya kilo, nyimbo za kuhesabu, vyote hivyo ni zana za kushika watoto tisini kwa mkono mmoja huku mwingine unaandika. Adabu imo, sikatai, ila kazi yake kubwa ilikuwa hiyo.

Wewe una watoto ishirini na wawili, kila mmoja na kiti chake. Zana ile huko haina kazi. Usiililie, na usijaribu kuwafundisha watoto wa Kifini kuimba “good morning teacher” ili moyo wako utulie. Tafuta wao wanatumia nini badala yake. Umeniambia wanavua viatu mlangoni na kuingia na soksi. Mimi nikiangalia kutoka huku, naona kuvua viatu kunafanya kazi ileile ya kusimama: mtoto anaacha ya nje nje. Basi kaa pale mlangoni wanapovua, waangalie usoni mmoja mmoja, wasalimie kwa majina. Hilo mimi nisingeliweza hata ningetaka, kengele ingelia tena kabla sijafika katikati ya mstari. (Na zile soksi ulizonicheka nilipokufungia, sasa zina kazi.)

Kuhusu kimya. Unauliza swali, hakuna mkono, unaingiwa na hofu, unajibu mwenyewe. Ndiyo maana mwalimu anayekusimamia kakwambia umeongea sana na watoto wameongea kidogo. Usimchukie. Wewe umelelewa kwenye shule ambazo mtoto wa Darasa la Nne ana mtihani wa taifa na wa la Saba ana wake, mada zisipokwisha mkuu wa shule anaitwa halmashauri kujieleza. Lazima tukimbie. Huko mtihani wa taifa wanakutana nao mwishoni mwa sekondari ya juu, kwa hiyo hakuna anayekufukuza. Ukiuliza, hesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Utaona kumi ni ndefu kuliko unavyodhani. Mtoto anayetazama meza huenda anapanga sentensi ya Kiingereza, lugha ambayo si yake wala si yako.

Na wa tarehe, mwambie asante, futa, andika iliyo sahihi, endelea na somo. Asikuone unatafuta sura ya kumpa.

Sasa lile swali uliloliweka mwishoni kama vile si kitu. Mwenzako wa chuo kakuuliza wakati wa chakula kama ni kweli walimu wa Tanzania wanapiga watoto, ukabaki unachezea uma. Jibu ukweli. Mwambie kanuni zipo, na tangu 2002 zinataka viboko visizidi vinne, atoe mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na viandikwe kwenye daftari maalumu. Mwambie pia kwamba wewe umesoma kwenye shule ambako daftari hilo hujawahi kuliona. Usikane, na usitetee kwa ajili ya bendera. Wafini wenyewe sheria ya kuwakataza hata wazazi wasipige watoto waliipitisha mwaka 1983, wakati mimi nilikuwa tayari nasoma. Bibi yake huyo mwenzako huenda anayo ya kusimulia, muulize.

Chakula hicho ndicho ninachowaonea wivu, si majina wala soksi. Kila mtoto anakula bure shuleni, tangu 1948! Sisi wazazi tunachangishana debe la mahindi na maharage, na mwaka wa njaa debe halifiki, na saa tano asubuhi unamwona mtoto anaukodolea macho ubao bila kuona kitu. Hapo hata ukiwa mwalimu wa namna gani.

Kuhusu kipindi chako cha kueleza kwenu, simba waache. Simba wamewaona kwenye televisheni kuliko wewe. Wapelekee michoro ya miambani ya Kolo, kule Kondoa, ile iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Nenda na picha moja kubwa, ile ya watu warefu wembamba wenye vichwa vya ajabu, ibandike, usiseme neno. Usiwaambie ni nini wala ya lini. Kaa. Wa kuchora-chora yule nina hakika atakuwa wa kwanza kunyanyua mkono, na akisema unachodhani si sahihi, muulize ameona nini kwenye picha kinachomfanya aseme hivyo. Halafu wape karatasi na rangi mbili tu, nyekundu na nyeupe, maana za pale nyingi ni hizo.

Andalio la somo nitumie Jumatano usiku, nitakuwa macho, saa zetu zinapishana moja tu. Piga picha ukurasa mzima, pamoja na safu ya muda, maana huko ndiko unakokosea tangu mwaka wa kwanza. Peni nyekundu bado ninayo.

Mama yako