Muulize Mwalimu: "Wanasema wamefahamu, kumbe sivyo"

SWALI: Shikamoo Bi Mwalimu. Nasomea ualimu, naishi Kisauni. Jioni nawafunza hisabati watoto 4 wa gredi ya 7 barazani kwetu. Nikiuliza "Mmefahamu?" wote huitikia "Ndiyo", kisha hesabu wanakosa. Mwalimu anayenilea kazini asema naongea mno. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mlezi wako kakwambia kweli. Hilo "Mmefahamu?" liache kabisa. Mtoto wa miaka 12 au 13 aibu mbele ya wenzake humuuma kuliko kukosa hesabu, kwa hiyo atakuitikia tu.

Mpe 3 − 8, akueleze anavyofanya, nawe nyamaza. Wengi wataandika 5, maana madarasa ya chini walizoea kutoa ndogo kwenye kubwa. Usimkatize, keshakuonyesha pa kuanzia. Muulize: una shilingi 3, dukani wadaiwa 8, ukilipa zote wabaki na nini? Akisema deni la 5, hapo ndipo uandike −5. Alama kabla ya maana humchosha mtoto bure, na hili naliona sana.

Kisha mwombe mlezi wako aje akae pembeni siku moja, ahesabu sekunde unazosubiri kabla hujajijibu mwenyewe. Miaka ya 1970, mtafiti Mary Budd Rowe wa Marekani alionyesha kwamba walimu husubiri kama sekunde 1 tu. Wakifika 3, watoto hujibu kwa urefu na wakimya nao hujitokeza. Sekunde 3 barazani ni ndefu, zivumilie.